Nyayo Zilizoishia Mlangoni kwa Mama Ghati

Kwenye maziko ya Mama Ghati, mwezi uliopita, walisoma wasifu wake, na jina langu lilikuja mwisho kabisa, baada ya wakwe na baada ya kwaya: "Kemunto, mfanyabiashara wa Mugumu, rafiki wa familia." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa pili, na dume la ng'ombe nililolileta kwa lori limefungwa nyuma ya nyumba, nikatamani kusimama nimnyang'anye kijana aliyekuwa akisoma kipaza sauti. Rafiki wa familia! Hata muuza soda wa pale njia panda ni rafiki wa familia. Sikusimama, maana msiba una heshima yake, lakini nilirudi Mugumu na jiwe kifuani. Shule niliishia darasa la tatu, na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Lakini kwa ng'ombe niliowanunua na kuwauza mkoa mzima wa Mara hakuna aliyeniuliza cheti, kwa hiyo na haya nayaandika bila kuomba ruhusa. Sitasema nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Hayo hayakunifanya mtu. Kilichonifanya mtu ni mwaka wangu wa kwanza Nyarero, ugenini, nikiwa na hofu karibu kila siku ya mwaka huo.

Kabla ya hapo nilikuwa mchuma chai huko kwetu Kisii, upande wa Kenya. Tuliishi kambini, chumba kimoja wanawake wanne, vitanda viwili, jiko la mkaa mlangoni. Asubuhi kabla hakujapambazuka nyapara alipita na fimbo yake akikagua vizingiti. Ukikutwa na takataka mbele ya mlango wako, siku hiyo huchumi, na usipochuma huli. Kwa hiyo sisi sote tulijifunza kufagia gizani, macho bado yamefumba, mikono inakwenda yenyewe. Tulifagia chumba, kizingiti, mfereji, na kipande cha njia mpaka kwa jirani. Nilikaa kambini miaka mingi kiasi kwamba ufagio ulikuwa unaniamsha kabla ya jogoo. Siku moja mwenzangu wa kitanda aliniambia ng'ambo ya mpaka wa Sirari watu wanachimba dhahabu, wametoka Shinyanga, Singida, kila mahali, na hawana wa kuwapikia. "Twende," akasema, "tutapika mwezi mmoja tutarudi na mabati." Yeye aliishia Sirari, akaona watu wengi wasiomjua akalia, akageuka. Mimi nilivuka. Watu huniuliza kama nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka na majani ya chai, basi. Uchovu nao unavusha mpaka.

Machimboni nilipika ugali na maharage chini ya turubai la mama mmoja wa Mwanza. Wachimbaji walikuwa wanakula wamesimama, vumbi jeupe usoni kama watu waliojipaka unga, wakibishana juu ya mashimo. Kiswahili changu kiliwachekesha. Nilisema "niko na njaa," nao wakajibu, "Mkenya yuko na njaa! Mpeni kiti, na njaa yake nayo ipeni cha kwake!" Shimo likaporomoka, wakubwa wakafunga eneo, mama wa Mwanza akakunja turubai bila kuaga. Nikapanda gari la kurudi Sirari nikiwa sina mabati wala sufuria, na mpaka ulikuwa unakaribia. Kichwani niliwaona wale watatu wa chumbani wakinicheka. Gari liliposimama Nyarero siku ya gulio, nikashuka. Sikuwa na sababu nyingine.

Mama Ghati alikuwa ameketi na mikungu yake ya ndizi mbivu, mwanamke mrefu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, ugoro kwenye kopo la dawa ya viatu. Nikamsalimia, "Habari, mama." Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Huko kwenu wakubwa hawana shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Una mgongo?"

"Ninao."

"Basi beba hizi zilizobaki. Nyumbani kuna chakula."

Hivyo tu. Hakuniuliza nimetoka wapi mpaka tulipofika kwake, na hata hapo aliuliza kwa sababu nilipomsikia akimfukuza mbuzi kwa Kikurya nilicheka. Kikurya na Kikisii ni kama watoto wa dada wawili: sura moja, tabia tofauti. Nilielewa nusu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuelewa nusu ni kubaya kuliko kutoelewa kabisa, kwa sababu ile nusu nyingine unaijaza mwenyewe kwa hofu.

Nyumba yake ya kupikia ilikuwa ya udongo, nyeusi kwa moshi, darini kumejaa mahindi, na ndama walifungwa ndani upande wa kushoto, kwa hiyo ulikula ukisikia wanavyotafuna. Usiku wa kwanza alinipa ugali wa mtama na muhogo, na mgagani uliolala kwenye maziwa. Sisi kwetu tunauita chinsaga. Nilipouonja nilinyamaza, akafikiri hautoshi chumvi. Mume wake alikuwa amekufa zamani. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Mbalibali, mwingine sikumbuki. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alikuwa na ng'ombe watano, na kwa ng'ombe hao watano majirani walimwita mama. Mimi waliniita Mkenya. Jioni wanawake walikuja kuomba moto, wakakaa, wakazungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni kinu. "Huyu anakula sana?" "Anakula, lakini anafanya kazi," Mama Ghati akajibu. "Atakuibia aondoke, ubaki ukilia." "Aibe nini, moshi?" Nilikuwa nainamisha kichwa kwenye sufuria. Kila neno nililielewa, au nilidhani.

Na kila asubuhi, gizani, nilifagia. Hakuna aliyenituma. Wanawake wote wa Kikurya hufagia uwanja, lakini wanafagia kukiwa kumekucha, na wanaishia kwenye uzio. Mimi niliendelea mpaka njiani, kulia na kushoto, mpaka pale barabara ya mawe inapoanza. Mama Ghati aliniona mara moja akasema, "Njia haifagiwi. Njia ni ya watu." Nikaona ni mazoea ya watu wa hapa tu. Kwangu mimi mlango mchafu ulikuwa siku bila chakula.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi laini kama unga. Nilimaliza kufagia, nikaweka maji ya uji motoni, ndipo nikasikia yowe. Yowe la Wakurya halifanani na kelele za msiba wala za ugomvi. Linapokelewa boma hadi boma, linakuja kama moto wa nyasi. Ng'ombe wa ukoo wa jirani walikuwa wameibiwa usiku, na wanaume walikuwa wanafuata nyayo. Mama Ghati alitoka ameshika kibuyu cha maziwa. Tuliwaona wakishuka kilima, wameinama, hawasemi, mikuki na pinde mkononi, na mbele yao mzee mmoja akionyesha chini kwa fimbo: hapa, na hapa, na hapa. Wakafika kwenye njia yetu. Mzee akasimama. Fimbo ikabaki hewani. Mbele yake palikuwa na mistari ya ufagio wangu, mizuri, imenyooka kama nywele zilizosukwa, na baada ya mistari ile ni mawe matupu yasiyoshika ukwato.

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa leo hawajui. Kwa sheria ya kule, nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kwenu, ninyi ndio mnaozipokea. Mnaungana na wenye mali, mnaonyesha mahali zilipotokea upande wa pili, na ukoo unaofuata unapokea hivyo hivyo, mpaka ng'ombe wapatikane. Lakini nyumba ambayo nyayo zimeishia kwake na haiwezi kuonyesha zilikotoka, nyumba hiyo ndiyo inayolipa. Haijalishi kama uliiba au ulikuwa umelala.

Mzee yule, Chacha, hakupiga kelele. Alimwuliza Mama Ghati, "Nani amefagia hapa?" Na mimi, kwa ujinga wangu wa kambini, nikadhani nasifiwa.

"Ni mimi," nikasema.

Wanaume wote wakanigeukia. Mmoja wao, Marwa, kijana mwenye mdomo, akacheka kwa pua. "Mkenya! Wezi wanapita na mali, yeye anawafutia nyayo. Hata mwizi hana mke mtii hivyo."

Walitupa siku chache za kutoa nyayo. Majirani wanaume walizunguka na watu wale kila upande, kwenye mawe, kwenye kijito, mpaka karibu na mpaka, na walirudi mikono mitupu. Siku hizo nikizikumbuka, hata leo naamka usiku kukagua kufuli, hapa nilipo na nyumba yangu ya matofali na geti la chuma. Watu walikuja kuutazama ufagio. Kweli, waliutazama, umesimama ukutani, kama mtu anayetazama panga lililoua. Watoto walikatazwa kupita kwetu. Wanawake waliacha kuja kuomba moto. Jioni nililala chumba cha kupikia na ndama, na nilisikia wanaume uwanjani wakizungumza na Mama Ghati kwa sauti ya chini, na ile nusu niliyoielewa ilikuwa inatosha: *omogeni*, mgeni, neno hilo ni moja kwetu na kwao. Mgeni. Aliletwa na nani. Mpaka uko karibu. Ametumwa atangulie. Na sauti ya Mama Ghati sikuisikia kabisa.

Nilifunga nguo zangu kwenye khanga mara mbili na kuzifungua mara mbili. Nilijua njia ya Sirari. Kwa miguu ningefika kabla ya mchana. Lakini nilijua vilevile kwamba nikikimbia, nimeshahukumu nyumba ile. Watasema mwizi amekwenda, na mwenye kumlisha mwizi atalipa, na aibu juu. Nikibaki, watanipiga. Niliwahi kuona machimboni jinsi watu wengi wanavyompiga mtu mmoja: hakuna anayepiga sana, lakini hakuna anayeacha. Ugali wangu ulibaki sahanini. Mama Ghati alikula kama kawaida, akamaliza wake akavuta na wangu. "Chakula hakikukosea," alisema. Nilimchukia kwa utulivu ule. Nilidhani ametulia kwa sababu ameshaamua kunitoa.

Baraza la ukoo, wenyewe wanaliita iritongo, liliketi mbele ya ghala la zamani la kahawa. Wazee wa koo zote mbili, wetu na wa walioibiwa, kwenye viti vyao vidogo vya miguu mitatu, vijana wamesimama, wanawake kando kwenye jua. Niliwekwa peke yangu, katikati ya wanawake na wazee, mahali ambapo hapakuwa pa mtu. Mzee Chacha alizungumza Kiswahili ili nami nisikie, na kwa hilo nilimshukuru baadaye, lakini siku ile niliona ni ukatili.

"Ghati," alisema, "mume wako tulimheshimu. Hatupendi kuvunja zizi la mjane. Tunakuomba neno moja tu. Sema huyu ni mgeni, alikuja na miguu yake, hujui asili yake. Ukisema hivyo, nyayo zimeishia kwake, hazikuishia kwako. Yeye vijana watajua la kumfanya. Ng'ombe wako watalala kwao."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Na lilikuwa la kweli! Nilikuwa mgeni, nilikuja na miguu yangu, hakujua asili yangu. Nilitazama vijana. Marwa alikuwa amekwishavua koti.

Mama Ghati alifungua kopo lake, akavuta ugoro, akafuta pua taratibu. "Umemaliza, Chacha?"

"Nimemaliza."

"Basi huyu si mgeni. Ni mke wa nyumba yangu."

Kelele zilipanda. Wasiojua waelewe: kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake amzalie watoto kwa mwanamume atakayechaguliwa, ili nyumba isife. Wanaiita nyumba ntobhu. Ni jambo la heshima, lina wazee wake, lina pombe yake, na zaidi ya yote lina ng'ombe wake. Marwa alipiga makofi kwa kucheka.

"Umemwoa lini, mama? Pombe tulikunywa wapi? Ng'ombe za mahari zilipita njia gani mbona hatukuona nyayo? Au nazo alizifagia?"

Hata wazee walicheka. Hata mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka. Mama Ghati aliwaacha wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi.

"Zitapita leo," akasema. "Si mmekuja kuzichukua? Zinatoka zizini kwangu kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu? Mimi nilifagia? Zinatoka kwa ajili ya huyu. Sasa wewe Marwa, uliyeoa wawili na wa pili bado unadaiwa, nifundishe mimi mwanamke nisiyejua kitu. Ng'ombe zikitoka nyumba ya Mkurya kwa ajili ya mwanamke, zinaitwaje?"

Mzee Chacha alikuna goti lake kwa fimbo muda mrefu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilifikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Mahari," alisema. "Zinaitwa mahari."

"Mahari inakwenda kwa baba wa binti!" Marwa akapaza sauti. "Hizi zinakwenda kwa wenye mali walioibiwa!"

"Baba yake yuko ng'ambo," Mama Ghati akamjibu. "Una miguu. Nenda kamwambie mahari yake ilikokwenda."

Walichukua ng'ombe watatu, na wazee wa pande zote mbili wakakubali kwamba mlango umefungwa, kesi imekwisha. Ng'ombe walioibiwa hawakuonekana tena, na mpaka leo hakuna ajuaye nani aliwapitisha mlangoni kwetu. Niliwaona watatu wetu wakitoka, yule wa madoa akigeuka kumtafuta ndama wake, na nitasema ukweli kuhusu nilivyohisi, maana watu hupenda kusikia kwamba nilipiga magoti nikashukuru. Nilikasirika. Hakuna aliyeniuliza. Nilimkimbia nyapara mmoja, na sasa nilikuwa nimeolewa na mjane mbele ya umati, kwa ng'ombe ambao sikuwaomba. Kuwa mgeni kulikuwa na hofu yake, lakini mgeni anaweza kuondoka. Kuanzia siku ile kila nilipoitazama njia ya Sirari niliona ng'ombe watatu wamesimama katikati. Hofu haikuisha, ilibadilika tu. Zamani niliogopa watanifanya nini. Sasa niliogopa nitashindwa kuwa na thamani ya yule wa madoa.

Watoto hawakutokea kwenye nyumba ile kwa upande wangu. Mungu hakupanga, na wenye midomo walisema walichosema. Mimi nilileta ng'ombe. Nilianza kwa kubeba ndizi zake kwenda gulioni na kurudi na kuku, kuku nikawageuza mbuzi, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nasimama mnadani kati ya wanaume, gumboti miguuni, fimbo mkononi. Mchuma chai ana vidole vinavyojua jani changa bila kutazama. Nilidhani vidole vitanisaidia kwa ng'ombe pia, na havikusaidia chochote. Ng'ombe wangu wa kwanza, mtamba mwekundu niliyemnunua kwa mtu wa Mbalibali, alikuwa kipofu wa jicho moja. Nilimfikisha nyumbani nikiwa nimejaa sifa. Mama Ghati alimzunguka, akapunga mkono upande huu, mtamba akashtuka. Akapunga upande ule, mtamba akaendelea kucheua.

"Umenunua nusu," alisema.

"Atazaa mzima."

"Tutaona."

Alizaa mzima. Ni siku ya kukamua maziwa ya kwanza ya mtamba yule, mimi na yeye tumechuchumaa zizini jua likiwa linapanda, ndipo nikapata kinywa cha kuuliza kile nilichokuwa nimekibeba mwaka mzima kama mzigo wa kuni mbichi.

"Mama, kwa nini hukusema neno lile?"

"Neno gani?"

"Kwamba mimi mgeni. Ungebaki na ng'ombe zako zote."

Hakuacha kukamua. Maziwa yaligonga kibuyu, moja, moja, moja.

"Ningelisema," alisema, "wangekupiga pale pale, na ningetazama, halafu ningerudi nyumbani peke yangu nikale. Nilijiuliza nitakula na nani." Akahamia chuchu nyingine. "Tena kuni zilikuwa zimekwisha."

Nilisubiri aongeze kitu. Mimi ni mtu wa mnada, najua bei ya kwanza si bei yenyewe. Mpaka leo sijaweza kusema lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito zaidi kwake, mwenzake wa chakula au mbeba kuni, na nimeishi vizuri bila kujua. Nilifungua mdomo nimwulize tena. Akanipiga kidogo begani kwa mkono uliolowa.

"Acha maneno. Mshike ndama, anatumalizia maziwa."

Nikamshika.